Mkojo Usiotoka: Adui wa Pili wa Majeruhi wa Uti wa Mgongo

Askari akivunjika uti wa mgongo, iwe kwa risasi au kwa ajali katika barabara itokayo Jinja kwenda Mbale, wenzake hutazama miguu isiyotembea. Lakini yuko adui wa pili asiyeonekana, naye amejificha katika kibofu cha mkojo.

Kwa mtu mwenye afya, ubongo hutoa amri mbili kwa pamoja: kibofu kijikaze, na mlango wake ulegee. Amri hizo hupita katika ugwe wa fahamu ulio ndani ya uti wa mgongo. Ugwe huo ukikatika juu ya kiuno, mara nyingi kibofu na mlango wake huwa kama vikosi viwili visivyo na mawasiliano: kimoja chasukuma, kingine chafunga. Msukumo hupanda, mkojo uliobaki huzaa viini vya maradhi, na figo huweza kuharibika polepole bila majeruhi kusikia maumivu.

Zamani majeruhi wengi wa namna hiyo walikufa. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alianzisha kituo chao huko Stoke Mandeville, Uingereza, akathibitisha kwamba wanaweza kuishi. Mwaka 1972 Jack Lapides wa Marekani na wenzake walieleza njia nyepesi: majeruhi mwenyewe, kila baada ya saa 4 hadi 6, huingiza mpira mwembamba katika njia ya mkojo, humwaga mkojo wote, kisha huutoa. Jambo kubwa ni mikono safi, mpira safi, na kutokiacha kibofu kijae kupita kiasi.

Njia hiyo si ngeni mashariki mwa Uganda. Katika hospitali ya watoto ya CURE, mjini Mbale, hutibiwa watoto waliozaliwa na uti wa mgongo wazi, ambao vibofu vyao vina taabu ya aina hiyo. Ikiwa mzazi aweza kumfanyia mwanawe, askari aweza kujifanyia.

Mpira usipotosha, daktari hutoa dawa ya kutuliza kibofu, hupitisha mpira chini ya kitovu, au hupasua msuli wa mlango. Kukandamiza tumbo kwa mikono ni hatari, kwani huongeza msukumo mlango ukiwa umefungwa.

Aliyeumia kuanzia kifuani kwenda juu akishikwa ghafla na kichwa kikali na jasho la uso, hiyo ni hatari ya kufisha. Akalishwe wima, nguo zilegezwe, mpira uliojikunja unyooshwe, mkojo utoke, na daktari aitwe mara moja.

Ni wajibu wa kila kamanda kuhakikisha kwamba majeruhi aliyerudi nyumbani anapimwa figo katika hospitali ya rufaa, Jinja au Mbale, hata kama halalamiki. Kuona haya kusiachwe kuue mtu ambaye risasi ilishindwa kumwua.