Nyumba za Safu za Uingereza: Urithi Umo Ukutani

Mitaa mingi ya Leeds, Liverpool na London imejaa nyumba za matofali zilizoshikana safu nzima, kila moja ikichangia ukuta na jirani yake. Nyingi zilijengwa enzi za Malkia Victoria, kati ya 1837 na 1901. Wanaozinunua leo huvutiwa na vigae vya rangi ukumbini, maua ya plasta darini na meko ya chuma. Ni vitu vizuri, lakini vingi vilitoka viwandani na kuuzwa kwa wingi. Urithi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni namna nyumba yenyewe inavyofanya kazi, na huo ndio unaoharibiwa bila mtu kuulilia.

Sura ya nyumba hizi ilichongwa na kodi, reli na sheria. Kodi ya vioo ilifutwa 1845, ya matofali 1850, na ya madirisha 1851. Vioo vidogo vidogo vikaanza kupisha vioo vipana. Reli zikasambaza mawe bapa ya kuezekea kutoka Wales hadi miji ya mbali. Kisha Sheria ya Afya ya Umma ya 1875 ikazipa halmashauri nguvu ya kusimamia upana wa barabara na nafasi wazi nyuma ya nyumba. Uwanja mdogo wa nyuma, ambao wengi huudharau, ulipatikana baada ya kipindupindu kuua maelfu.

Ukuta wa kawaida wa nyumba hizi una unene wa inchi 9 hivi, hauna uwazi katikati, na matofali yake yameunganishwa kwa chokaa. Mvua inaponyesha ukuta hunywa maji. Jua na upepo vikija, huyatoa kupitia chokaa. Chini ya sakafu ya mbao hewa hupita kwenye matofali yenye matundu, na dohani huvuta hewa ya vyumbani. Dirisha nalo lina fremu mbili zinazopanda na kushuka kwa kamba na vyuma vizito vilivyofichwa: joto hutokea juu, hewa baridi huingilia chini. Fundi akipiga lipu ya saruji nje na kuziba matundu, maji hunaswa ndani, baridi kali hubandua uso wa tofali, na ncha za mbao za sakafu huoza. Mafundi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wanaujua vyema ugomvi huu wa saruji na chokaa.

Wapo wanaosema nyumba hizi ni baridi, na kwamba nyingine zilikuwa makazi ya dhiki. Ni kweli, na hakuna sababu ya kuwaacha wakazi watetemeke kwa ajili ya historia. Lakini darini panaweza kuwekwa sufu ya kuzuia baridi, na madirisha yakazibwa nyufa, bila kuukaba ukuta. Ama kuhusu kubomoa, eneo la nyumba hizi liitwalo Mitaa ya Wales huko Liverpool, alikozaliwa mwanamuziki Ringo Starr, lilikuwa limepangiwa kuvunjwa. Serikali ilikataa mpango huo 2015, nyumba nyingi zikakarabatiwa, na leo zina wapangaji.

Kwa hiyo mwenye nyumba ya namna hii, kabla hajamlipa fundi, achunguze kwanza kilichounganisha matofali yake. Kikiwa ni chokaa, adai ukarabati wa chokaa.