Muziki wa Arusi na Mfuko wa Nyumba

Mwajua nyote ya kuwa arusi isiyo na sauti ya furaha si arusi. Wageni huweza kusamehe wali uliopungua, bali karamu iliyo kimya huifananisha na matanga. Kwa hiyo hatusemi katika ukurasa huu kwamba muziki uachwe. Twataka kufikiri pamoja nanyi namna ya kuupata muziki mwema kwa kadiri ya mfuko, ili nyumba mpya isianze siku yake ya kwanza kwa deni.

Jambo hili si dogo. Wako vijana kwetu Tanzania, mijini na mashambani, waliokaa pamoja miaka mingi, hata wamekwisha kuzaa, wasithubutu kwenda kanisani kufunga ndoa. Wakiulizwa sababu, hawasemi kwamba hawapendani, wala kwamba wazazi wamekataa. Husema, "Karamu hatuiwezi." Tena wako wengine waliofunga ndoa kwa fahari, wakapigiwa vyombo hata usiku wa manane, na mwezi wa pili mume na mke wakaanza kugombana kwa ajili ya madeni ya usiku ule mmoja. Basi muziki uliokusudiwa kuwafurahisha umegeuka kuwa kilio.

Fahari hii ya kushindana kwa muziki haikuanza leo. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa Lamu na Mombasa walianza ngoma iliyoitwa beni, wakiiga matarumbeta na gwaride la askari wa Kizungu. Baada ya vita kuu ya 1914 hata 1918 ngoma hiyo ilienea sana katika Tanganyika, na katika miji mingi vilikuwapo vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti. Vilishindana kwa nguo, kwa vyombo na kwa karamu, na wanachama walichangishwa fedha nyingi ili wenzao wa upande wa pili waaibike. Leo jina la beni limekaribia kusahauliwa, lakini roho ile ya kutaka jirani aone na kunyamaza ingaliko, nayo huketi pamoja nasi katika kamati za arusi. Twamsikia mjumbe mmoja akisema, "Wale waliita bendi, sisi tutaonekanaje tukiita kwaya?" Hapo ndipo hesabu inapoharibika.

Tena tukumbuke ya kuwa uzuri wa muziki haupimwi kwa wingi wa vyombo. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika Unguja, mtoto wa watu maskini, aliimba na wapigaji wachache tu, naye aliitwa kuimba arusini na katika nyumba za wakuu. Mwaka wa 1928 alikwenda Bombay, sauti yake ikatiwa katika santuri, na santuri zile zikapendwa pwani yote. Hakuwa na mitambo ya kutikisa kuta. Alikuwa na sauti, maneno yenye maana, na wenzake walioijua kazi yao.

Sasa twawapa shauri letu. Msiuhesabu muziki wa karamu kuwa kitu kimoja cha kununuliwa kwa mtu mmoja kwa bei moja. Ugaweni kwa nyakati, na kila wakati mwulize, "Je, katika jamaa zetu na majirani yuko awezaye kazi hii?" Kisha nunueni kile tu ambacho kwenu hakipatikani.

Wakati wa kwanza ni kuwapokea maarusi waingiapo. Hapa wengi huita kundi la matarumbeta, nalo lafaa sana, kwa maana hushangilia njiani na mlangoni. Lakini kazi yake huisha upesi. Patanani nalo kwa wakati huo tu, wala msiliweke kungoja bure jioni nzima huku mkililipa. Wasio na fedha ya matarumbeta wasihuzunike. Mama na shangazi kumi wenye vigelegele, na mpiga ngoma mmoja hodari, wataitikisa njia yote.

Wakati wa pili ni wa chakula na maneno ya wazee. Hapo hatuhitaji sauti kubwa. Kelele huwazuia watu kuzungumza, na mzee aliyetoka mbali kumwusia mjukuu wake hasikiwi. Kwaya ya mtaa, yenye kinanda kimoja au isiyo na kinanda, yatosha. Zaidi ya hayo nyimbo zenye tuni za kwetu hazikosekani. Katika miaka ya 1960 mwalimu Howard Olson wa chuo cha Makumira alikusanya nyimbo za namna hiyo, zikapigwa chapa katika kitabu kiitwacho Tumshangilie Mungu, na makanisa mengi wanaziimba hata leo. Wanakwaya wengi watakuja kwa upendo, hasa ikiwa mmoja wa maarusi ni mwenzao. Hata hivyo upendo wao usifanywe kuwa punda. Walipieni nauli, wapeni chakula kabla hawajaimba, na wawekeeni viti.

Wakati wa tatu ni wa zawadi. Huu ni wakati wa ngoma za nyumbani. Wagogo wana muheme, ngoma inayopigwa na wanawake wenyewe. Wazaramo wana mdundiko. Na kila kabila lina lake. Ukoo wa bwana arusi ucheze wa kwao, na ukoo wa bibi arusi ucheze wa kwao. Wageni hufurahi kuliko wanavyofurahi kwa muziki wa kukodi, kwa kuwa wanamwona mama waliyemzoea akicheza kama msichana. Na bei yake ni kuwaarifu mapema, ili wajizoeze.

Wakati wa mwisho ni wa dansi ya vijana. Hapa ndipo vyombo vya umeme hutakiwa, nanyi mna njia tatu. Ya kwanza ni bendi nzima. Ni nzuri, bali bei yake ni kubwa, na sababu yaeleweka: watu kumi ni nauli kumi, vinywa kumi na ujira kumi, tena yapo magari ya kubeba vyombo na mafundi wa kuvitengeneza. Ya pili ni mpiga santuri, ambaye siku hizi huitwa dijei, ajaye na vipaza sauti vyake na msaidizi mmoja au wawili. Ya tatu ni vipaza sauti vya kuazima au kukodi, na nyimbo zilizopangwa katika simu. Ikiwa wageni hawazidi mia, njia hii ya tatu hutosha, maadamu nyimbo zimechaguliwa kabla, na mtu mmoja mwenye busara amepewa kazi ya kuishika simu hiyo. Wawili wakiishika, watagombana. Na mwenye simu akipigiwa na rafiki yake, karamu nzima itasikia.

Angalieni pia siku na saa. Watu wengi hutaka Jumamosi jioni. Makanisa mengi hayafungi ndoa wakati wa Kwaresima, kwa hiyo Jumamosi za baada ya Pasaka hujaa; na mwezi wa Desemba, watu warudipo makwao kwa sikukuu, hujaa tena. Mpigaji anayeitwa na watu watatu kwa siku moja hana sababu ya kupunguza bei. Bali mkimwendea kwa siku ya Alhamisi, au kwa karamu ya mchana, mtamkuta ana nafasi na masikio ya kusikiliza. Karamu ya mchana ina faida nyingine: wazee na watoto hurudi kwao mapema, na wanakwaya hawasumbuki kutafuta gari usiku.

Mkiisha kumchagua mpigaji, msipatane kwa maneno matupu. Andikeni katika karatasi mambo haya: saa ya kuanza na saa ya kumaliza, bei ya saa itakayozidi, nani atalipa nauli, nani ataleta jenereta umeme ukikatika, na mafuta yake ni ya nani, nyimbo gani hazitakiwi mbele ya wazazi, na fedha ya arabuni ni kiasi gani, na itarudishwaje asipokuja. Ugomvi mwingi wa usiku wa arusi hutoka katika saa inayozidi, kwa sababu hakuna aliyeiuliza bei yake mchana. Tena ulizeni katika ofisi ya serikali ya mtaa kama kibali chatakiwa, ili furaha yenu isije ikakatizwa katikati.

Na hapa twaonya jambo moja. Kutafuta muziki wa bei nafuu si kumnyonya mpigaji. Yeye naye ana watoto, na vyombo vyake alivinunua kwa fedha. Punguzeni saa, punguzeni watu, punguzeni fahari. Bali ujira mliokubaliana mlipeni wote, siku ile ile, kabla hajafungasha vyombo vyake. Ndoa isianze kwa dhuluma, kama vile isivyopasa kuanza kwa deni.

Ninyi wajumbe wa kamati, mnaogawa kadi za michango, kumbukeni ya kuwa fedha hiyo imetoka mikononi mwa watu ambao wengine wamejinyima. Hesabuni kwanza iliyokwisha kufika, wala si iliyoahidiwa. Ahadi haijazi mafuta katika jenereta. Muziki upangwe kwa fedha iliyopo mezani. Ikizidi baadaye, wapeni maarusi wakanunue godoro na sufuria.

Nanyi vijana mnaongoja mwaka baada ya mwaka mpaka mpate fedha ya bendi, msingoje. Mtu hujikuna ajipatapo. Nendeni kwa wazazi wenu na kwa mwalimu wa kanisa, semeni mlicho nacho, kiwe kingi au kichache. Kwaya ipo, ngoma zipo, na vigelegele havijawahi kuuzwa dukani. Siku ile itapita kabla ya jua la pili kuchwa, bali nyumba itabaki, na ni heri ibaki na amani ndani yake.