Kuhama Programu ya Barua Pepe Iliyozeeka Pasipo Kupoteza Kumbukumbu

Katika ofisi za vyama vya ushirika, shule, nyumba za ibada na maduka ya vifaa vya ujenzi, zipo kompyuta za mezani ambazo kwa miaka mingi zimefungua barua pepe kwa programu moja tu. Mara nyingi programu hiyo ni Outlook Express, iliyokuja pamoja na mfumo endeshi wa Windows XP, au Windows Live Mail iliyotoka baadaye. Karani huwasha kompyuta asubuhi, hubofya alama ya programu hiyo, na barua za jana na za mwaka 2009 zote huwa mahali pake.

Hatimaye hufika siku ambapo programu hufunguka kama kawaida lakini hakuna barua mpya inayoingia. Huomba nywila, na ikipewa huiomba tena. Barua iliyoandikwa hubaki katika sanduku la zinazosubiri kutumwa, ilhali mwandishi wake anaamini imekwisha kufika. Mwombaji wa leseni aliyeandikiwa kwamba kiambatisho kimoja kimepungua hangojei tena jambo lolote isipokuwa jibu, na jibu hilo limo katika seva asiyoweza kuifikia. Barua isiyosomwa haimsaidii mwananchi, na muda wa kurekebisha maombi hauachi kuhesabiwa.

Makala haya yanaeleza kwa nini programu hizo zinaacha kufanya kazi, mahali ambapo barua za zamani zimehifadhiwa, na namna ya kuhama pasipo kupoteza kumbukumbu za ofisi au za familia.

Sababu za kuipenda programu ya zamani

Anayeng'ang'ania programu ya zamani si lazima awe mvivu wa kujifunza. Programu inayokaa ndani ya kompyuta huonesha barua zilizokwisha pokewa hata bando likiisha au mtandao ukikatika. Hufunguka haraka katika mashine yenye uwezo mdogo. Mwenyewe amekwisha kuzipanga folda kwa mwaka, kwa mteja au kwa mradi, na mkono wake umezizoea kiasi kwamba hupata hati ya miaka kumi iliyopita kwa dakika moja.

Mapenzi ya namna hiyo yamepata kuonekana duniani kote. Programu ya Eudora iliandikwa mwaka 1988 na Steve Dorner katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, na ikapewa jina la mwandishi Eudora Welty, aliyetunga hadithi fupi kuhusu mtu anayeishi katika ofisi ya posta. Kampuni ya Qualcomm iliyoimiliki baadaye ilitangaza kusitisha uendelezaji wake mwaka 2006, lakini wapo watumiaji walioendelea nayo kwa miaka mingi. Mwaka 2018 jumba la makumbusho la Computer History Museum lilichapisha msimbo wake ili usipotee. Programu hiyo ilipendwa kwa sababu ilikuwa nzuri, na bado uzuri huo haukuweza kuifungulia milango mipya ya seva.

Kilichobadilika

Barua pepe ina pande mbili. Upande wa kwanza ni seva ya mtoa huduma, inayopokea na kutuma barua. Upande wa pili ni programu iliyo katika kompyuta ya mtumiaji. Pande hizo mbili hazina budi kuzungumza lugha moja ya usalama. Seva hubadilishwa kila mara ili kukabiliana na wahalifu, ilhali programu iliyoachwa na waundaji wake hubaki ilipokuwa.

Windows XP iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, na Outlook Express ikaachwa pamoja nayo. Windows Live Mail ilifikia ukomo wake tarehe 10 Januari 2017. Mwaka 2021 chombo kinachoweka viwango vya intaneti kilitangaza rasmi kwamba matoleo ya zamani ya usimbaji, yaani TLS 1.0 na TLS 1.1, yasitumike tena. Usimbaji ni ufungaji wa ujumbe kwa namna ambayo mtu wa kati hawezi kuusoma. Outlook Express katika Windows XP haikufundishwa usimbaji mpya, hivyo seva nyingi za leo huikataa kabla hata ya kuuliza nywila.

Badiliko jingine linahusu nywila yenyewe. Tarehe 30 Mei 2022 kampuni ya Google ilianza kuzizuia programu zinazoingia katika akaunti binafsi kwa jina na nywila ya kawaida peke yake. Microsoft ilichukua hatua ya namna hiyo kwa akaunti binafsi za Outlook.com mwezi Septemba 2024. Kwa hiyo mtumiaji anayeandika nywila sahihi mara kumi na kukataliwa mara kumi hajakosea kuandika, bali njia anayopitia imefungwa.

Hatari kubwa: barua zote ziko mahali pamoja

Watu wengi hudhani kwamba barua zao za zamani zinatunzwa na mtoa huduma. Kwa watumiaji wa programu za zamani, mara nyingi sivyo. Programu hizo zilizoea kutumia utaratibu uitwao POP, ambao huchukua barua kutoka katika seva na kuileta katika kompyuta. Katika mpangilio wa awali wa Outlook Express, barua ikishachukuliwa hufutwa katika seva. Maana yake ni kwamba mikataba, risiti na mawasiliano ya miaka 15 yanaweza kuwa katika diski ya kompyuta moja, na pengine hayapo mahali pengine popote duniani.

Aidha, Outlook Express huweka barua zote za folda moja katika faili moja lenye kiishio cha .dbx. Faili hilo likikaribia ukubwa wa gigabaiti 2 programu hushindwa kulimudu, na barua zinaweza kuharibika kwa pamoja. Programu pia huomba mara kwa mara kubana mafaili yake ili kuondoa nafasi zilizoachwa na barua zilizofutwa. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo, folda nzima inaweza kupotea.

Kwa vikundi na taasisi, jambo hili lina sura ya kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda zisipotee wala kufikiwa na asiyehusika. Chama cha akiba na mikopo chenye majina, namba za simu na nakala za vitambulisho vya wanachama katika kompyuta isiyopata marekebisho ya usalama tangu mwaka 2014 kina wajibu ambacho kompyuta hiyo haiwezi kukisaidia kuutimiza.

Hatua za kuhama

Ifahamike kwanza kwamba kubadili programu si kubadili anwani. Programu ni chombo cha kusomea tu. Anwani ile ile inaweza kuendelea kutumika katika programu mpya, na wateja au wanachama hawatahitaji kuarifiwa lolote. Anwani hulazimika kubadilika pale tu ambapo mtoa huduma aliyeitoa amefunga huduma yake.

*Hatua ya kwanza ni kunakili, kabla ya kugusa kitu kingine chochote.* Katika Outlook Express, mahali zilipo barua huoneshwa kwa kufungua “Tools”, kisha “Options”, kisha “Maintenance”, kisha “Store Folder”. Folda hiyo kwa kawaida imefichwa, ndiyo maana watu hunakili nyaraka zao zote na kuziacha barua nyuma. Programu ifungwe kwanza, kisha folda yote inakiliwe katika flashi au diski ya nje. Inafaa kuwa na nakala mbili, zikae katika majengo mawili tofauti.

*Hatua ya pili ni kutoa orodha ya anwani.* Kitabu cha anwani hakimo pamoja na barua. Programu ina sehemu ya kukitoa kama faili la aina ya CSV, ambalo programu mpya nyingi hulisoma.

*Hatua ya tatu ni kuzitoa barua katika umbo linalosomeka kwingine.* Katika Outlook Express, barua zilizochaguliwa zikiburutwa hadi katika folda tupu kwenye uso wa kompyuta, kila barua huwa faili moja lenye kiishio cha .eml, pamoja na viambatisho vyake. Kazi hii ifanyike kwa mafungu madogo, na kila fungu liwe na folda yake. Idadi ya mafaili ilinganishwe na idadi ya barua ili isibaki hata moja. Windows Live Mail ina nafuu, kwani barua zake tangu awali huhifadhiwa kama mafaili ya .eml.

*Hatua ya nne ni kuandaa programu mpya katika kompyuta inayopata marekebisho ya usalama.* Ikumbukwe kwamba hata Windows 10 ilifikia ukomo wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo anayenunua kompyuta iliyokwisha tumika aulize mapema kama inaweza kuendesha Windows 11, au ashauriwe kuhusu Linux, ambayo ni ya bure na baadhi ya matoleo yake huenda vizuri katika mashine ndogo.

*Hatua ya tano ni kuziingiza barua za zamani na kuhakiki.* Zifunguliwe barua kadhaa za miaka tofauti, hasa zenye viambatisho. Jaribio la kutuma na kupokea lifanyike. Kompyuta ya zamani isifutwe wala kuuzwa hadi ipite miezi kadhaa pasipo kugundulika upungufu, na katika muda huo isiunganishwe na intaneti. Ikifika wakati wa kuuzwa au kutolewa, diski yake ifutwe na fundi kwa namna ambayo taarifa za watu hazitarudishwa.

Kuchagua makao mapya

Anayetaka programu inayofanana na ya zamani ana chaguo la Thunderbird, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2004. Ni ya bure, inaendelezwa hadi leo, na inaweza kuhifadhi barua ndani ya kompyuta ili zisomwe hata pasipo mtandao. Kiongezi chake kiitwacho ImportExportTools NG huweza kuingiza folda nzima ya mafaili ya .eml kwa pamoja. Tangu Oktoba 2024 ipo pia kwa simu janja za Android.

Anayetumia simu zaidi ya kompyuta anaweza kuridhika na kusoma barua kupitia kivinjari au programu ya mtoa huduma. Gmail, kwa mfano, inaweza kuwekwa katika lugha ya Kiswahili. Nafasi yake ya bure ni gigabaiti 15, ambazo hugawanywa kati ya barua, mafaili na picha za akaunti hiyo. Mwenye barua nyingi za zamani apime kwanza ukubwa wake kabla ya kuzipandisha, akikumbuka kwamba upandishaji hutumia bando.

Katika chaguo zote mbili, utaratibu unaopendekezwa ni IMAP badala ya POP. Kwa utaratibu wa IMAP, barua hubaki katika seva, na kompyuta na simu huonyesha kitu kimoja. Kompyuta ikiibiwa au kuungua, barua zilizo katika seva zinabaki salama. Hata hivyo, barua ikifutwa katika simu hutoweka pia katika kompyuta. Kwa sababu hiyo nakala ya akiba katika diski ya nje bado inahitajika, angalau mara moja kila robo mwaka.

Tahadhari wakati wa kuhama

Kipindi cha kuhama ni kipindi ambacho matapeli hupata mwanya. Ujumbe unaodai kwamba akaunti itafungwa usiku wa leo iwapo nywila haitatumwa ni wa kupuuzwa. Anwani rasmi za barua pepe za taasisi za umma nchini huishia na .go.tz, na msomaji aangalie anwani kamili, si jina la mtumaji peke yake. Fundi anayesaidia kuhamisha barua asiachiwe nywila. Mwenye akaunti aiandike mwenyewe, na kazi ikiisha aibadilishe na kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili. Kwa akaunti ya kikundi, namba ya simu inayopokea uthibitisho iamuliwe na viongozi na kuandikwa katika muhtasari wa kikao, ili katibu akiondoka madarakani asiondoke na barua za wanachama.

Wananchi wenye maombi au mawasiliano yanayoendelea na Halmashauri, ambao programu zao zimeacha kupokea barua, wanashauriwa kufika katika ofisi ya Mtendaji wa Kata au idara husika kuulizia hatua iliyofikiwa, na kuacha namba ya simu inayopatikana. Kwa maswali kuhusu uhamishaji wenyewe, Kitengo cha TEHAMA katika makao makuu ya Halmashauri ndicho mahali pa kuanzia. Anayekwenda huko aandike kwanza jina la programu anayotumia, toleo la Windows lililo katika kompyuta yake na jina la mtoa huduma wa anwani yake, kisha afike akiwa amekwisha kunakili barua zake.