KITENZI "KARI" CHA KISOMALI NA "PIKA" CHA KISWAHILI

Makusudi ya makala haya ni kueleza maana na mnyambuliko wa kitenzi kimoja cha jikoni kisikikacho kila siku katika Ijara, kusini mwa Garissa, baina ya Mto Tana na msitu wa Boni. Wakazi wengi wa huko husema Kisomali nyumbani, na watoto wao hufundishwa Kiswahili shuleni. Mwalimu asiyezijua tofauti za lugha hizi huweza kumlaumu mwanafunzi kwa uzembe, hali kosa lake lina asili yake. Tahajia tunayoitumia ni ile ya hati ya Kilatini iliyofanywa rasmi Somalia mwaka 1972.

Mzizi ni kar, maana yake "chemka". Ukiongezwa -i tunapata kari, yaani "fanya kitu kichemke". Hii ni kauli ya kutendesha, nayo yalingana na chemka na chemsha. Lakini kari haikukomea hapo, kwani ndicho pia kitenzi cha kawaida cha "pika". Maji, wali na nyama vyote hutumiwa kitenzi hicho kimoja, ambapo Mswahili huchemsha maji na kupika wali.

Umbo la tatu ni karso, "pika kwa faida yako mwenyewe". Kiswahili hueleza maana hiyo kwa viambishi viwili, kimoja kabla ya mzizi na kimoja baada yake: ji-pik-i-a. Kisomali chatosheka na kiambishi tamati.

Katika wakati uliopita, kari hubadilika hivi:

kariyay – nilipika, alipika (mwanamume)
karisay – ulipika, alipika (mwanamke)
karinnay – tulipika
kariseen – mlipika
kariyeen – walipika

Yafaa kutambua mambo mawili. Kwanza, nafsi huonyeshwa mwishoni mwa kitenzi, na umbo moja laweza kuwa la nafsi mbili. Kwa hiyo viwakilishi vifupi vitanguliavyo, kama waan (mimi) na wuu (yeye mwanamume), ndivyo viondoavyo utata. Pili, Kisomali hutenga mume na mke, ambapo alipika ya Kiswahili haituambii aliyeshika mwiko ni nani.

Ama kauli ya kutendea, Kisomali hakina kiambishi chake katika kitenzi. Hutanguliza neno u: u kari, "mpikie". Basi mwanafunzi asemaye "Mama alipika kwa watoto", badala ya "Mama aliwapikia watoto", hakukosa kufikiri. Amefuata njia ya lugha ya mamaye, ambayo huiweka maana ya "kwa ajili ya" nje ya kitenzi. Hivyo basi, kumsahihisha pekee hakutoshi. Aonyeshwe kwamba u ya kwao ndiyo -i- ya pikia, na kwamba hapa imeingia ndani ya kitenzi chenyewe.