Bijombo: Tofali likinasa kwenye kalibu, hasara ni ya mjenzi

Katika nyanda za juu za Bijombo, eneo la Uvira, mkoani Kivu Kusini, vita vimechoma nyumba na kuhamisha familia mara nyingi, hasa tangu mwaka 2018. Utulivu ukirudi hata kidogo, wanaorejea huanza kutafuta kuta na paa. Saruji hutoka mbali, na kuipandisha mlimani ni gharama kubwa. Kinachobaki ni udongo, maji na kalibu ya mbao.

Lakini kalibu ina masharti yake. Tofali likinasa, pembe humeguka, na tofali lenye pembe mbovu hufanya ukuta uliopinda, wenye nyufa zinazopitisha mvua.

Sababu ya kwanza ya kunasa ni mbao kavu: hunyonya maji ya udongo, na udongo hushika. Ndiyo maana kalibu huchovywa majini kabla ya kila tofali, kisha hunyunyiziwa mchanga laini au majivu ndani. Tabaka hilo jembamba hutenganisha udongo na mbao. Ndani, mbao zipigwe randa vizuri, misumari isichomoze. Mdomo wa chini uwe mpana kidogo kuliko wa juu, ili kalibu ikivutwa juu wima iachie bila kukwaruza.

Wanaomimina resini ya epoksi katika nchi nyingine wanapambana na jambo hilohilo. Wao hupaka nta ndani ya kalibu ngumu, au hutumia plastiki ya polietileni, ambayo epoksi haiigandi.

Udongo nao una kipimo. Kwa matofali ya kukausha juani, mfinyanzi uwe kati ya asilimia 15 na 30, sehemu kubwa iliyobaki iwe mchanga. Mfinyanzi ukizidi, tofali hunata, kisha hupasuka likikauka. Ukipungua, tofali humomonyoka. Maji yakizidi, tofali hulala mara tu kalibu inapoinuliwa. Yakipungua, udongo haufiki pembeni.

Baada ya kutolewa, matofali yafunikwe majani siku za kwanza, yasikauke haraka. Yakishika nguvu husimamishwa kwa ubavu ili upepo upite pande zote. Kukauka kabisa huchukua karibu wiki nne. Kabla ya kujenga, angusha moja kutoka urefu wa mita moja: likivunjika vipande vingi, mchanganyiko urekebishwe.

Hata tofali zuri linaogopa maji. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mito ya Uvira ilifurika, ikaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Kwa hiyo ukuta wa udongo uanzie juu ya msingi wa mawe, chini ya paa linalotokeza nje, na mfereji wa kupeleka maji mbali.