Jinsi ya Kuchagua Ngano Nzima ya Kupika

Natumaini mwalimu wenu ameweka mezani kibakuli cha ngano kama tulivyoomba juma lililopita. Kila mtu na achukue punje chache mkononi.

Leo tutazungumza juu ya ngano nzima, yaani ngano ambayo haijasagwa. Watu wa pwani wanaijua sana, kwa kuwa ndiyo wanayopikia bokoboko. Huilowesha usiku, wakaipika na nyama mpaka ilainike kabisa, wakaiponda kwa mwiko na kuitia samli. Waarabu wa Oman na Ghuba nao wana chakula kama hicho, wakiita harisi. Wengine huichemsha tu pamoja na maharage.

Sasa itazame punje yako. Ganda la nje ndilo pumba. Kwenye ncha moja kuna kiini, ndicho kinachoota. Sehemu kubwa ya katikati ni wanga. Vitamini na madini ya chuma vimo zaidi katika pumba na kiini, na pumba husaidia kupata choo vizuri. Ukiikoboa ngano mpaka iwe nyeupe, vitu hivyo wanakula kuku wa mwenye mashine. Bokoboko la sikukuu hutaka ngano iliyokobolewa, na hiyo si neno. Lakini kwa chakula cha kila siku nunua isiyokobolewa.

Je, utajuaje kuwa ni nzuri? Ing'ate. Punje kavu hukatika kwa mlio; mbichi hubonyea, nayo itaota ukungu gunia likifungwa. Inuse pia. Ikinuka uvundo, mrudishie mwenye duka, hata akipunguza bei. Usidhani moto utaisafisha, maana sumu ya ukungu haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, watu 125 walikufa kwa sababu ya mahindi yaliyoota ukungu, na mahindi hayo yalikuwa yamepikwa. Tena tafuta matundu ya wadudu. Nyumbani, pepeta kwa ungo, chagua mawe, kisha mimina maji: punje zilizoliwa ndani huelea.

Liko jambo jingine, na hili nataka mlisikilize kwa makini. Tazama rangi. Ngano ya chakula ni ya kahawia au ya manjano kidogo. Ukiona ngano nyekundu, kijani au buluu, hiyo ni mbegu iliyotiwa dawa.

Mwaka 1971 nchi ya Iraki ilileta ngano nyingi ya mbegu kutoka ng'ambo. Ilikuwa imetiwa dawa ya zebaki ili isiharibiwe na ukungu ardhini, na ikapakwa rangi nyekundu ili watu wajue si chakula. Onyo liliandikwa juu ya magunia kwa Kihispania na Kiingereza, lugha ambazo wakulima wale hawakuzijua. Mahali pengine ngano ilifika msimu wa kupanda umekwisha pita, na mavuno yaliyotangulia yalikuwa mabaya. Basi watu waliiosha. Rangi ikatoka, wakadhani na sumu imetoka. Wengine waliwajaribia kuku kwanza. Kuku hawakudhurika upesi, basi wakasaga na kuoka mikate. Lakini zebaki haina haraka. Baada ya majuma kadhaa watu walianza kufa ganzi, kuyumba wakitembea, na wengine wakapofuka. Walioingia hospitali walikuwa 6,530, na kati yao 459 walikufa.

Zebaki imeachwa karibu kote sasa, lakini mbegu za dukani bado hutiwa dawa nyingine na kupakwa rangi. Usizioshe ukala, wala usiwape kuku. Gunia lake usiliwekee chakula, hata likifuliwa. Na ukiona gunia limeandikwa kwa lugha usiyoijua, usinunue mpaka upate wa kukusomea. Hakuna aibu katika kuuliza. Mimi mwenye diploma huuliza.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni: MBEGU. DAWA. SUMU. SI CHAKULA. Kila mtu ayasome kwa sauti, kisha ayaandike mara tatu katika daftari. Juma lijalo kila mmoja alete kipande cha gunia au mfuko wenye maandishi kutoka nyumbani kwake, tupate kusoma pamoja. Kwaherini.