RAV4 au Forester? Hesabu ya gari la kazi kati ya Jinja na Mbale

JINJA/MBALE – Mfanyabiashara wa mashariki mwa Uganda akishapata fedha za kununua gari lake la kwanza la kazi, mazungumzo ya gereji humfikisha haraka kwenye magari mawili: Toyota RAV4 na Subaru Forester. Yote ni madogo, yameinuka vya kutosha, yana viti vitano na yanaweza njia mbaya. Bei zake kwenye minada ya Japani hukaribiana kiasi kwamba wengi huishia kuamua kwa rangi, au kwa maneno ya shemeji aliyewahi kuendesha mojawapo.

Fedha zinazoingia kwenye gari ni mtaji uliotolewa dukani. Kwa mnunuzi wa kahawa wa Mbale, gari likigharimu zaidi ya ilivyopangwa, ni magunia ambayo hatayanunua msimu ukianza. Kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi Jinja, ni kontena litakalosubiri Mombasa. Kwa hiyo hesabu ifanywe kabla ya fedha kutumwa Japani.

Ieleweke kwanza kwamba gari "jipya" katika miji hii ni lile ambalo halijapata namba ya Uganda, hata kama limetembea Japani kwa miaka kumi. Na hapo ndipo shimo la kwanza lilipo: umri.

Mwaka 2018 Uganda ilipitisha sheria iliyopiga marufuku kuingiza magari yenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Yale yaliyo chini ya hapo lakini yamezeeka hutozwa ushuru wa mazingira, ambao kwa gari la abiria umewahi kufika asilimia 50 ya thamani ya gari pamoja na bima na nauli ya meli, yaani CIF. Viwango na mipaka ya umri huguswa mara kwa mara wakati wa bajeti ya Juni, kwa hiyo wakala wa forodha aulizwe wiki ile ile ya kununua.

Chukua mfano wa gari lenye CIF ya dola 6,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni dola 1,500. VAT ya asilimia 18 hupigwa juu ya jumla ya hizo mbili, hivyo ni dola 1,350. Kodi ya zuio ya asilimia 6 ni dola 360. Jumla 3,210, kabla ya tozo ya miundombinu, ada ya usajili na malipo ya wakala. Ushuru wa mazingira wa asilimia 50 ukiingia, ongeza dola 3,000. Tofauti ya mwaka mmoja wa kutengenezwa inaweza kuzidi tofauti yoyote ya bei kati ya Toyota na Subaru.

Wapo wanaodhani ankara yenye bei ndogo itawaokoa. URA ina orodha yake ya thamani za magari ya mtumba, na hiyo ndiyo inayoangaliwa. Tena waangalie tarehe: Uganda huhesabu mwaka wa kutengenezwa, wakati Kenya, yenye ukomo wa miaka minane, huhesabu tangu gari liliposajiliwa mara ya kwanza. Gari lililotengenezwa mwishoni mwa mwaka na kusajiliwa Japani mwaka uliofuata lina umri mmoja Nairobi na mwingine Kampala.

Umri huo huo ndio unaoamua ni RAV4 ipi na Forester ipi zinazoshindana. Umbo la RAV4 lililoanza 2005 liliendelea kuuzwa Japani hadi 2016. Lile lililofuata, ambalo nchi nyingine zililipata kuanzia 2013, halikuuzwa Japani kabisa. RAV4 ilirudi huko mwaka 2019 ikiwa na umbo jipya na bei ya juu. Ndiyo maana RAV4 ya 2014 kutoka Japani inafanana na ya 2008. Anayeiona barabarani hawezi kujua kama mwenyewe amelipa ya zamani au ya karibuni, jambo ambalo humsaidia mwenye gari siku ya kuuza.

Forester ilibadilika zaidi. Yenye alama SH5 ilitumia injini ya EJ20, ambayo ina mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa karibu na kilomita 100,000, na mafundi wengi wameshafungua kichwa chake kwa ajili ya gasketi. Mwishoni mwa 2010 ikaja SHJ, yenye injini mpya ya FB20 inayotumia mnyororo na giaboksi ya kawaida ya gia nne. Kuanzia mwisho wa 2012 ni SJ5, injini ya FB20 lakini giaboksi ya CVT. Alama hizi zimo kwenye hati ya Japani, na ni muhimu kuliko picha kumi za tangazo.

Hapa kuna kosa linalorudiwa sana Jinja: kwamba Forester ina CVT "dhaifu" na RAV4 ina giaboksi ya kawaida. RAV4 ya Japani ya miaka hiyo, ACA31 ya magurudumu manne na ACA36 ya mawili, nayo ina CVT. Zote mbili zinahitaji oili yake maalumu, na kumiminiwa oili ya giaboksi ya kawaida ni njia fupi ya kuziua. Anayetaka gia za kawaida atazipata kwenye SHJ, lakini hizo ndizo zilizo karibu zaidi na ukingo wa umri.

Injini nazo hazina malaika. Ile ya RAV4, 2AZ-FE ya lita 2.4, ilijulikana kwa kula oili hadi Toyota ikaongeza dhamana Marekani kwa baadhi ya magari yenye injini hiyo. FB ya Subaru ilipelekwa mahakamani huko huko kwa kosa hilo hilo, na shauri likamalizwa kwa maafikiano mwaka 2016, Forester za 2011 hadi 2014 zikiwamo. Mnunuzi yeyote kati ya hawa wawili azoee kuchomoa kijiti cha oili kila Jumatatu asubuhi.

Sasa barabara. Kutoka Jinja hadi Mbale ni kama kilomita 150, kupitia Iganga kisha njia ya Tirinyi inayokatiza vinamasi vya mpunga. Ni lami. Anayekaa Jinja na kufanya safari zake kwenda Kampala, akivuka daraja la Nile lililofunguliwa Oktoba 2018, au kwenda Malaba na Busia kufuata mzigo, ataendesha kwenye lami karibu wiki nzima. Shida yake ni foleni za malori, matrekta ya miwa karibu na Kakira, na matuta ya kila mji mdogo. Kwa mtu huyu magurudumu manne ni uzito anaoubeba bure. RAV4 ya magurudumu mawili ingemtosha, ingawa wengi hawataki kusikia hivyo.

Mbale ni habari nyingine. Lami inafika Sironko na Kapchorwa, na kilomita 73 kutoka Kapchorwa hadi mpaka wa Suam, zilizokuwa zikihofiwa na madereva, ziliingizwa kwenye mradi wa lami. Lakini kahawa ya arabika haioti kando ya lami. Iko juu ya mlima Elgon, kwenye vijia vya Bududa na Bulambuli, udongo ambao ukilowa unateleza kama sabuni. Na mavuno makubwa huanza wakati mvua ya pili ya mwaka haijakoma. Hapo sentimita chache chini ya gari zina maana. SJ5 ina nafasi ya milimita 220 kutoka ardhini. ACA31 ina 190 hivi. Forester huvuta magurudumu yote manne muda wote, bila dereva kufanya lolote. RAV4 huyapa nguvu magurudumu ya nyuma pale ya mbele yanapoteleza, na kitufe chake cha kufunga hujiachia chenyewe mwendo ukizidi kilomita 40 kwa saa. Kwa mlima wa matope anayeshinda ni Forester.

Ushindi huo una bei yake. Gari linalovuta muda wote linataka tairi nne za aina moja zilizolika sawasawa. Mtu aliyezoea kupasukiwa na tairi Iganga na kununua moja ya mtumba kando ya barabara atakuwa anaitafuna giaboksi kidogo kidogo. Kwa Forester, bajeti ya tairi ni ya nne kwa mpigo.

Mafuta yanaonekana kuipa Forester nafasi ya mbele. Tuseme mtu anakwenda Jinja–Mbale na kurudi mara mbili kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka: ni kilomita 30,000. RAV4 ya lita 2.4 ikienda kilomita 10 kwa lita, itatumia lita 3,000. Forester ya lita 2.0 yenye CVT ikienda 11.5, itatumia kama 2,610. Kwa petroli ya shilingi 5,000, tofauti inakaribia milioni mbili kwa mwaka. Si haba. Ila tofauti hiyo inaweza kumezwa na seti moja ya tairi, na ikiharibika CVT mara moja, akiba ya miaka kadhaa imekwisha. Kila mtu aweke namba zake mwenyewe: kilomita za kweli za wiki, si zile anazozikumbuka.

Ipo tabia ya kugeuza magari haya kuwa pikapu. Hati ya Japani huhesabu kilo 55 kwa kila mtu, yaani kilo 275 kwa watu watano. Magunia manne ya kahawa ya kilo 60 pamoja na dereva yameshapita hapo. Springi na shokapu za nyuma hazitalalamika siku ya kwanza. Anayebeba mzigo kila siku hapaswi kuwa kwenye ubishi huu. Anunue gari la mizigo, ambalo hata ushuru wake wa mazingira hukokotolewa tofauti.

Kuhusu vipuri, Toyota bado inaongoza. Bushi, breki na filta za RAV4 hupatikana Jinja na Mbale bila kupiga simu nyingi. Za Forester zimeongezeka sana kwa sababu Wakenya na Waganda wameipenda, lakini kifaa kizito mara nyingi huagizwa soko la Kisekka, Kampala, au Nairobi. Gari lililosimama siku tatu Mbale likisubiri kifaa lina gharama isiyoandikwa kwenye risiti yoyote. Anayetuma dereva kuleta kifaa kutoka Kenya akumbuke kuwa cheti rahisi cha asili, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Giaboksi ya Japani haimo.

Siku ya kuuza, RAV4 hupata mteja upesi zaidi. Huenda hili ndilo linalopaswa kumshawishi mwenye duka anayejua kuwa siku moja atahitaji fedha ndani ya wiki moja ili kukomboa mzigo bandarini. Forester hupendwa na wanaoijua. Wengine huuliza maswali mengi kwanza.

Kwa waliosajiliwa kwenye VAT kuna jambo linalowaumiza wengi baada ya kulipa. VAT ya kununua gari la abiria hairudishwi, isipokuwa kwa anayefanya biashara ya kuuza au kukodisha magari hayo. Ile dola 1,350 ya mfano wetu imekwenda. Kodi ya zuio ya asilimia 6, kwa upande mwingine, hukatwa kwenye kodi ya mapato ya mwaka, mradi stakabadhi iwe kwa jina la mlipakodi mwenyewe na si la wakala. Anayevuka Malaba au Busia mara kwa mara aongeze kwenye hesabu kadi ya njano ya COMESA, bima inayomlinda dhidi ya madai ya watu wengine akiwa Kenya.

Nissan X-Trail nayo hutajwa, na ni pana zaidi kwa mzigo wa nyuma. CVT ya umbo la 2007 hadi 2013 imewaliza wengi, na mwenye moyo wa kuijaribu afanye hivyo akiwa na fedha za akiba.

Basi, kwa anayeishi Jinja na kufanya kazi zake kwenye lami, RAV4, tena ya magurudumu mawili ikipatikana, ndiyo yenye hesabu nzuri. Kwa mnunuzi wa Mbale anayepanda mlima zaidi ya siku moja kwa wiki wakati wa mavuno, Forester SJ5 italipa tofauti yake kwa safari ambazo RAV4 ingeishia njiani. Anayepanda mara mbili kwa mwaka anaweza kupanda bodaboda siku hizo mbili.

Na kwa anayenunua gari lililokwisha kupata namba ya Uganda, hasa mjini Mbale, ainue zulia la chini na kupapasa chini ya viti. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika na maji yakasomba magari. Tope lililokauka kwenye boliti za viti na kutu kwenye soketi za nyaya ni dalili kwamba gari hilo lilipitia maji, liwe Toyota au Subaru.